Noreen alivyoumbuka ukumbini

Rosanna weee, Noreen kajimaliza leo. Kajimaliza!

Tulikuwa ukumbi wa makuli, wanaonyesha ile filamu ya kale isiyo na sauti, kuli kampenda mhudumu wa baa ya bandarini. Mzee wa piano anaipiga kama anaigombeza, kwa hiyo Noreen akawa ananisemesha kwa sauti ya juu.

Ghafla piano ikanyamaza. Yeye hakutambua, akaendelea: "Vito akihamia Houston kesho nitakufa! Nampenda tangu mkewe yu hai!"

TANGU MKEWE YU HAI, Rosanna! Watu wote wamesikia. Na Vito kakaa mbele yetu, kando ya mama mkwe wake!

Mama mkwe akageuka: "Huna haya! Mwanangu alikuwa anakata roho, wewe unamtamani mumewe?"

"Sikumgusa, mama. Nilikuwa nawaletea supu tu."

Supu! Watu wakacheka. Vito akachukua kofia akatoka, hata kumtazama hakumtazama.

Sasa kajifungia bafuni kwangu. Analia mpaka anatapika. Anasema kantini harudi tena, hao makuli atawapikiaje?

Mungu wangu, Vito yuko mlangoni!

Anasema: "Mwambie sikuja kugomba. Anitazame usoni aniambie mwenyewe, meli yangu haijaondoka."

Noreen anapiga mayowe huko ndani: "Usimfungulie! Nakuapia, ukifungua si rafiki yangu tena!"

Miaka yote hiyo kakaa kimya, Rosanna. Miaka yote.

Nimefungua.