Motokari Iliyokataa Funguo ya Shaba

Kapata, Kolwezi
Tarehe 30 mwezi wa kumi 2009

Mpendwa mwipwa wangu Badibanga,

Jambo sana, mutoto ya dada yangu. Munaamka je kule Kitwe? Bibi yako na batoto biko bazima? Kifua ya ule mudogo ilipona? Sisi huku tunapumua. Bibi yangu Henriette ananenepa, mi nakonda na kazi, lakini nguvu ingali.

Kwanza utulize roho: mama yako Ndaya iko hapa kwangu. Homa ilishuka. Leo alikula bukari na sombe, akasema sombe haina chumvi. Basi amepona.

Sasa acha nikushukuru vizuri, juu siku ile simu ilikula unité mbele nimalize.

Unakumbuka vile balitupigia toka Dilolo, pa mupaka: kule Angola banafukuza Bakongomani, mama yako iko analala inje ya gare na homa, mvua inamunyeshea, na train haiko. Nikasema, mi Mbuyi nitamufuata. Tangu compagnie ya madini ilifunga na ba patron bakakimbia, katika Kapata yote ni mi tu nilibaki na motokari yenye kutembea.

Haikutembea. Moteur ilikuwa inalia kidogo, inazimika. Jana yake nilikuwa nimetoka Mutoshi, kwa Omer mwenye kuyeyusha shaba. Ile kichwa ya plastiki ya funguo ilikuwa inanipatisha haya, mutu mukubwa kama mi. Omer akaitoa, akaniwekea kichwa ya shaba, nzito, inang'aa mpaka ndege zinageuka juu. Kolwezi yote haina funguo ya vile. Kosa ni ya motokari, haikuzoea uzuri.

Ba fundi ba hapa bakataka kushusha moteur yote. Njo wewe ukaniuliza kwa simu: "Manseba, mujomba wangu, pa tableau mbele ya usukani kuna taa nyekundu yenye picha ya funguo. Inafanya nini?" Nikasema inapepesa kama jicho ya mulevi. Ukasema basi motokari haijui funguo; ingeijua, taa ingewaka kidogo na kuzimika. Ndani ya plastiki muna kintu sawa punje ya muchele, na motokari inatafuta ile. Ukauliza plastiki iko wapi. Nikasema nilitupa.

Henriette akasema, "Wewe ulitupa, mi niliokota." Ilikuwa ndani ya kopo yake ya bifungo. Tukaifunga pa funguo na kipande ya mupira, nikageuza polepole vile ulisema. Taa ikawaka. Ikazimika, na moteur ikabaki inalia. Henriette akapiga magoti pale pale inje.

Ile njia nilikimbia mpaka upepo ilibaki Kasaji inauliza tulipitia wapi. Pa matope ya Mutshatsha nilibeba motokari na mabega yangu. Mama yako akikuambia banaume sita balisukuma, ni homa.

Kufika Dilolo, bamama benye balifukuzwa naye bakauliza motokari ni ya nani. Mama yako akajibu, "Mutoto wangu wa Kitwe njo ananifuata." Na mi niko pale, matope mpaka ndani ya masikio. Unanijua, mwipwa. Lakini nikaacha ibaki vile alisema, nikamufungulia mulango.

Usalimie bibi yako Mujinga, na Mpoyi, na mudogo Abigaëlle. Mungu abariki mikono yako na kichwa yako, akuongezee miaka.

Mwenye kukupenda sana,
manseba wako Mbuyi