Kaka, Vero si Mtumishi Hapa

Kaka Kostantini, shikamoo.

Mguu bado unakusumbua? Na njegere, mvua imezikuta zimechipua? Mimi mzima, ni baridi tu ya huku Uturuki, ile yetu ya Mgeta sasa naiona ya mchezo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Vero anakaa pembeni yangu, na haya siwezi kuyasema mwenyewe akisikia. Barua italetwa na dada mmoja wa Kihonda anayerudi wiki hii.

Sijasahau ulichoniambia siku nakuja kuaga. Ulikuwa umeiona ile picha, Vero kashika sinia la chai, wenye nyumba wamekaa. Ukasema, "Mtoto wa dada yangu hakwenda kusomea unesi akawe mtumishi wa watu. Ukimkuta hivyo, rudi naye." Wewe ndiye mjomba, neno lako ndilo neno. Basi nikaingia kwa hii familia anayokaa nayo nimetoa macho.

Siku ya tatu wakaja majirani. Chai hapa wanakunywa kwenye vikombe vidogo vya kioo, kikiisha kinajazwa, kikiisha kinajazwa, na anayezunguka kujaza ni Vero. Moyo ukawa unaniwaka. Nikainuka nimpokee sinia, mama mwenye nyumba, Emine, akanishika bega akanikalisha kama mtoto. Wageni walipoondoka nikaingia jikoni nioshe vyombo. Akaninyang'anya sifongo, akamwita Vero. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Muulize, mbona mimi ananikataza, wewe anakutuma?"

"Mama, siwezi kumuuliza hivyo."

"Muulize, au nikafungashe nguo zako."

Akauliza, anaangalia chini. Emine akafuta mikono taratibu, akajibu. Vero akanitafsiria: "Anasema wewe ni mgeni wake, mgeni haoshi vyombo. Mimi ni binti yake. Anasema Elif naye anaosha choo sasa hivi, nenda kamwone."

Nikaenda kweli. Elif ndiye mtoto wao wa kuzaa, anasomea sheria. Kapiga magoti anasugua choo, ananung'unika. Niliona aibu, kaka. Kwani sisi mgeni tunamtuma maji? Anayetumwa ni wa nyumbani.

Emine naye akapata nafasi ya kumshtaki Vero kwangu: anatembea peku sakafuni, tumbo litaingia baridi, akiambiwa hasikii. Nikamjibu hata mimi hanisikii tangu mdogo. Tukamsema wawili, kila mtu kwa lugha yake, na yeye katikati anatafsiri anavyosemwa.

Humu ndani kuna bibi, mama yake Emine, anaumwa sukari. Sindano ya mtu mwingine hataki, hata ya Emine, anangoja mpaka Vero arudi kutoka chuoni. Majirani nao wanakuja kupimwa presha. Mtoto aliyekuwa akishuka mlima na kabichi kichwani leo wanamwita daktari, na yeye anawasahihisha, nesi, na bado mwaka mmoja. Sokoni anabishana bei ya nyanya kwa Kituruki mpaka wanashusha. Dini usihofu. Wao Waislamu, lakini rozari yake inaning'inia ukutani na hakuna aliyemwambia aitoe.

Kwa hiyo nitarudi peke yangu, kaka, ukiridhia. Kusikia mwanamke mwingine anamwita mwanangu binti yake kunaniuma, sitakudanganya. Ila akikohoa kuna mama anayeamka.

Wifi Agnesi, mkeo, msalimie, nguo ya joto nimemwekea. Mama yetu mwambie nakula vizuri, asianze kulia. Padri mshukuru kwa ile misa ya safari.

Ila usingoje nirudi. Tangu nimweleze ulichosema, Vero amevipanga vitabu vyake vyote kwenye boksi, anangoja kauli ya mjomba, na mtihani uko karibu. Nimemwambia asome, ananijibu, "Mjomba hajasema." Panda pale kanisani mtandao unapokamata, umpigie. Mwambie wewe mwenyewe afungue boksi.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Vero