Nani Ataanzisha Wimbo

Florence, Nebraska
17 Agosti 1856

Mpendwa Dada Hepzibah,

Salamu nyingi. Kikohozi chako kimepungua? Shemeji Amos hajambo? Mimi na Baba tu wazima, ila mabega yanatuuma kwa kuvuta mkokoteni tangu tulipowaacha Iowa City.

Jana sisi waumini, Watakatifu, tulikutana kuamua: tuvuke milima kwenda Sayuni, mji wa waumini wenzetu, au tungoje hapa hadi majira ya baridi yapite? Mzee Thaddeus, aliyewahi kupita huko, alilia mbele yetu. "Ndugu zangu, tumechelewa. Theluji itatuzika." Ndipo Baba, unavyomjua, akaanzisha wimbo. Dada, tulisimama wote, hata wenye mashaka. Wimbo ulipokwisha kura ikaitishwa, na mikono ikanyooshwa. Hata wangu. Mzee Thaddeus akaenda kupaka mafuta magurudumu yake.

Mdogo wako,
Keturah

Iowa City
2 Septemba 1856

Mdogo wangu Keturah,

Mungu akulinde. Sisi wazima, kikohozi kimepoa. Barua hii itakutangulia kufika ngome ya Laramie, iliyo njiani kwenu.

Amos alipoisoma yako aliacha chakula mezani. Najua kusema mbele za watu huwezi. Hata shuleni ulijificha nyuma ya sketi yangu. Basi mwambie Baba sikioni: mkifika ngomeni, bakini. Mna paa na moto. Sayuni haihami.

Dada yako,
Hepzibah

Ngome ya Laramie
9 Oktoba 1856

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Afya yangu nzuri. Ya Baba sijui niisemeje. Mgao wa unga umepunguzwa, naye hunipa sehemu yake akidai kashiba.

Baba haimbi tena. Tulipomzika mtoto wa Dada Prudence wa msafara wetu, watu walimgeukia aanzishe wimbo. Akasema, "Tafuteni mwingine. Mimi ndiye niliyewaimbia hadi hapa." Asubuhi ile mikokoteni haikusogea. Dada Prudence, macho yamemvimba, akanigeukia: "Na wewe binti, sauti yako umeisahau Liverpool tulikopandia meli?"

Nikaimba. Sijui nilivyothubutu. Sauti ilitetemeka, kisha wao wakaipokea, na njaa ikaniachia. Sikumwogopa mtu. Dada, nilijua Mungu yupo kama ninavyojua mkono wangu. Tangu siku ile mimi ndiye ninayeanzisha.

Nilimwambia Baba maneno yako. Alilia, akasema, "Baki wewe." Nikamuuliza, "Na wewe?" Akajibu, "Niliowaleta wanakwenda. Nitabakije?"

Wengine wanabaki ngomeni. Kesho tarumbeta ya kuondoka ikilia, watu watanitazama. Nikinyamaza, huenda wengi wakabaki, na Baba pamoja nao. Lakini nikinyamaza, tutabaki na nini? Niombee.

Mdogo wako,
Keturah

Iowa City
28 Novemba 1856

Keturah, mdogo wangu,

Hujambo? Baba hajambo? Nijibu hilo tu, mengine yangoje.

Jana alipita mama mmoja aliyebaki Laramie kisha akarudi. Anasema siku ile tarumbeta ililia, pakawa kimya kirefu, kisha msichana mwenye sauti nyembamba akaanzisha wimbo. Mzee mmoja akaingia kwenye mpini wa mkokoteni, na msafara wote ukafuata. Waliobaki waliwasikia mkiimba hadi mlipopotea nyuma ya kilima. "Sijasikia kitu kizuri kama kile," aliniambia.

Theluji ilianguka siku chache baadaye.

Sikumuuliza mliimba nini. Nilimuuliza kama mlikuwa na viatu. Akaushika mkono wangu.

Dada yako,
Hepzibah