Darasa la Mikono la Mama Yako

Kawangware 56,
Nairobi.
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa mpwa wangu Leila,

Assalaam aleikum. Kabla ya yote nataka kujua hali yako, hali ya mumeo Riyadh na hali ya kifua cha mtoto, maana mara ya mwisho nilimsikia akikohoa kwenye simu nikakosa raha siku nzima. Hiyo baridi ya Birmingham mnaishije nayo? Sisi huku tu wazima. Jua limekuwa kali tangu Januari na vumbi linaingia hadi kwenye makopo ya misumari dukani kwangu, lakini hatulalamiki sana.

Mahdi wangu amepata kazi ya kuweka mabomba kwenye ghorofa mpya huko Gatina. Amenenepa. Mama yake anasema ni furaha, mimi nasema ni chapati.

Utashangaa kupata barua badala ya ujumbe wa simu. Kwenye simu hukawii kunikatiza, na hili nililo nalo linataka mtu asikilize hadi mwisho. Ni lile ulilonituma: niende Kibera, kwenye kijiji cha Raila, nimshawishi mama yako afunge darasa lake, apumzishe magoti, aje akae nanyi huko. Nilikubali bila kusita. Nilijua dada yangu umri umekwenda, nikadhani pia ni mpweke.

Nilienda Jumanne na hotuba yangu kichwani. Sikuitoa. Hata mahali pa kukaa nilikosa.

Sebuleni mlikuwa na wanawake kumi na mmoja. Wengi ni wageni waliokimbia vita Sudan, wamepanga Gatina na hapa na pale Kibera, wanataka Kiingereza cha kuombea kazi. Kuna pia Sella, Mluhya anayewafulia nguo baadhi yao. Yeye anataka Kiarabu. Mama yako anawafundisha wote kwa mpigo mmoja. Wasudani wanamcheka Kinubi chetu, hiki Kiarabu cha Kibera, kinapomponyoka, naye anacheka nao, kisha anawarudisha kwenye kazi.

Ameanza na misemo ya mkono, kwa sababu anasema hakuna watu waliowahi kuishi bila mikono. Mmoja anatoa msemo wa Kiingereza, mwenzake anautafutia ndugu yake wa Kiarabu. Lakini kabla hujafungua mdomo, lazima kwanza uutende kwa mkono wako mbele ya wote. Mwingereza asiye na la kufanya husema mikono yake imefungwa, basi mama mmoja akakutanisha vifundo vya mikono na kutuonyesha uso wa huzuni. Mwarabu naye husema jicho linaona ila mkono ni mfupi. Mwingine akasimama, akanyoosha mkono kuelekea sufuria iliyo juu ya kabati, asiifikie. Nimefahamiana na ufukara miaka mingi, Leila, na sijawahi kuusikia ukielezwa vizuri hivyo.

Wakafika kwenye msemo wa ndege. Mwingereza anasema ndege mmoja mkononi ni bora kuliko wawili kichakani. Mwarabu anasema ni bora kuliko kumi walio mtini. Sella hakuridhika.

"Mwalimu, kwani hawa ndege wao ni wengi aje? Si wawili wanatosha?"

"Hao wako kwa mti, Sella," mama yako akamjibu. "Hata ukisema mia, nani ataenda kuwahesabu?"

Sella akauliza tena kuhusu *tislam ideenik*, maneno anayoambiwa akimaliza kuanika nguo. Maana yake mikono yako isalimike. Alitaka ya Kiingereza. Mama yako akakubali kwamba hawana. Waingereza husema asante na kuendelea na safari zao. Nisamehe, najua sasa unaishi nao.

Sasa nikueleze kosa langu. Nilipoingia niliwapa wote mkono, mmoja baada ya mwingine, kama tulivyolelewa. Mmoja wao, Rania, aliyekuwa nesi huko Omdurman, hakunipa wake. Aliinamisha kichwa, mkono ukabaki ndani ya tobe lake, lile vazi refu wanalojitanda. Nikajua ni mcha Mungu asiyegusana na wanaume wasio maharimu wake, nikaweka mkono wangu kifuani na kujiona mstaarabu kweli kweli.

Mama yako aliniambia ukweli baadaye. Mkono wa kulia wa Rania ulivunjwa na kipande cha kombora na vidole havikunjuki. Wa kushoto anaona haya kuutoa, maana wao na sisi tumefunzwa kwamba wa kushoto haumpi mtu. Basi tangu afike Nairobi alikuwa hajampa mtu mkono. Majirani wa ploti yake walimwita mwenye maringo. Mama yako alijua yote hayo na hakumuuliza kitu.

Msemo wa mwisho siku hiyo ulikuwa wa Wasudani wenyewe: mkono mmoja haupigi makofi. Mama yako akawaambia wajaribu. Wanawake wakapunga mikono hewani wakicheka. Rania hakusogea. Sella alikuwa kando yake. Akaugeuza mwili, akaweka kiganja chake cha kulia mbele ya Rania, akangoja. Mama yako hakumharakisha mtu. Kicheko kikaisha chumbani. Kisha mkono wa kushoto ukatoka kwenye tobe, ukapiga kiganja cha Sella. Haukupiga kwa nguvu, lakini sote tulisikia.

"Hiyo imeingia," Sella akasema. "Mwalimu, leta ingine."

Nililia, mwanangu, na sioni haya kukwambia. Nilipokuwa nikiaga, Rania alininyooshea mkono huo huo wa kushoto. Mimi niliyewachapa wewe na Mahdi kwa kupokea mkate kwa kushoto, niliushika kwa mikono yangu miwili.

Walipoondoka nilimpa dada yangu ujumbe wako. Sikutaka, lakini nilikuwa nimekuahidi. Magoti yake yamevimba, hilo sitakuficha, na kusimama alisimama kwa kushikilia meza. Hakubishana. Alivuta begi kutoka chini ya kitanda akanionyesha: nguo zimekunjwa, lile koti zito ulilomtumia, pasipoti juu yake. Amelipanga tangu Desemba.

"Leila akiniita nitaenda," alisema. "Mwanao hawezi kusema anakuhitaji, halafu umwambie uko na darasa."

Kwa hiyo hukuwa na haja ya kunituma. Neno lako moja linatosha. Ataondoka Raila bila kunung'unika, atakupikia, atamlea mtoto wako, wala hutasikia kutoka kinywani mwake alichokiacha. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi hadi nikashika kalamu. Nakuomba kabla hujamwita uje wewe kwanza. Njoo siku ya Jumanne, ukae nyuma ya wengine, unyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Ukishaona, na bado ukaamua kumchukua, begi nitambebea mimi mwenyewe hadi uwanja wa ndege.

Msalimie sana Riyadh, na mtoto mbusu kwenye paji la uso kwa niaba yangu. Mahdi na mama yake wanakusalimu. Mungu awakinge na baridi hiyo, awape riziki ya halali na moyo mwepesi wa kuamua lililo jema.

Wako akupendaye,
Mjomba wako Haroun