Ufa Ubavuni mwa Injini

Kijiji cha Kyuol-Baha,
Mto Indigirka.
9 Februari 1996

Mpendwa mdogo wangu Agrafena,

Pokea salamu kutoka nyumba yenye kuni, yenye chai, na yenye watu wake wote isipokuwa mmoja. Hujambo? Kifua kinaendeleaje huko kwenye jua? Bado unakohoa asubuhi, au upepo wa bahari umekufanyia kile walichoahidi madaktari? Wifi yako Matryona anauliza kama ni kweli mnatembea Februari bila kofia. Nimemwambia aache kuuliza mambo yatakayomtia wivu.

Sisi tunaendelea, tunashukuru. Goti langu linanisumbua kama kawaida yake. Ng'ombe mweusi amezaa kabla ya wakati na ndama tunamlaza jikoni, kwa hiyo harufu ya humu ndani unaikumbuka. Baridi imekaa kwenye nyuzi hamsini na nne chini ya sifuri, leo siku ya kumi na moja, na ukungu ni mzito kiasi kwamba jana Matryona alitoka kuchukua barafu ya kuyeyusha kwa ajili ya chai akamkanyaga mbwa wetu bila kumwona.

Huyo mmoja asiyekuwapo ni mwanao Michil. Soma taratibu, usishike kifua. Aliondoka na lori tarehe thelathini Januari, amebeba unga na mapipa ya dizeli ya jenereta ya kijiji cha juu. Safari yenyewe ni siku tatu kwenda na siku tatu kurudi. Kwa redio walituambia amefika salama, na kwamba ameanza kurudi tarehe nne. Alitakiwa awe hapa juzi. Na injini anayoendesha imeungwa kwa mikono yangu mimi. Tangu juzi roho yangu iko juujuu, nimekaa dirishani nakwangua barafu ya kioo kwa kijiko, na kila kinachonguruma nadhani ni yeye.

Habari za kupasuka kwa injini hiyo zilikufikia, maana telegramu yako nilikwenda kuichukua posta mwenyewe na, naomba radhi, niliisoma. Uliandika: "Dereva mzima analala bila kumwaga maji! Mjomba wako alikufundisha nini?" Michil aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Kesho yake akaondoka nayo.

Agrafena, si yeye. Ni mimi.

Unajua tunavyoishi huku. Maji ya dawa yasiyoganda hatujayaona tangu mwaka juzi, kwa hiyo rejeta tunazijaza maji ya mtoni, na lori ama linanguruma usiku kucha, ama linamwagwa maji yote kabla halijapoa. Tarehe kumi na nane Januari Michil alirudi safari na homa kali, midomo imepasuka, anatetemeka mpaka ufunguo ukamponyoka. Meneja Yegor alikuwa amekataza kuacha injini zikinguruma kwa sababu dizeli ilikuwa haba. Nikamwambia Michil, "Nenda kalale, maji namwaga mimi."

"Kweli, Mjomba?"

"Nimeanza kumwaga maji ya malori kabla mama yako hajajua kusuka nywele zake. Potea!"

Nikafungua koki ya chini ya injini. Maji yakatoka, yakapungua, yakakoma. Hapo ndipo mtu huingiza waya kwenye koki na kuchokoa, maana maji yetu huacha ukoko ndani, na ukoko huziba tundu huku maji tele yakiwa bado yamebaki juu yake. Madereva wote wa kijiji hiki nimewafundisha mimi: maji yakikoma usiyaamini, chokoa. Wengine nimewapiga makonzi kwa ajili ya waya huo. Lakini siku ile waya ulikuwa upande wa pili wa lori, vidole vyangu vilikuwa havinitii tena, na dirishani nilimwona Matryona anamimina chai. Nikajiambia yamekwisha. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Yangu hayakumwagika, na hilo ndilo balaa lenyewe.

Asubuhi ubavu wa kushoto wa injini ulikuwa na ufa wa shubiri moja na nusu, na ulimi wa barafu umechungulia nje. Meneja Yegor akaja na kofia yake ya ngozi ya mbweha, akainama, akauliza mbele ya gereji nzima, "Nani huyu aliyelala bila kumwaga maji?"

Michil alikuwa amesimama pale na homa yake. Alinitazama mara moja tu. Kisha akasema, "Lori ni langu."

Nami nilifungua mdomo, Agrafena, wallahi niliufungua. Nikawaona wale vijana niliowapiga makonzi wamejipanga ukutani, wananingoja mimi fundi wa miaka thelathini niseme neno la kifundi. Nikaufunga.

Yegor akampa mpaka mwisho wa mwezi. Alisema lori lisipoondoka na unga, ufunguo atampa mtu mwingine, na Michil akatafute farasi wa kuchunga. Kantini wakampa jina, Bwana Barafu. "Karibu, Bwana Barafu! Chai yako unywe, au tuimwage kwanza?" Yeye akacheka pamoja nao na kuvuta kiti. Mimi nikainuka nikaiacha supu yangu, nikasingizia goti.

Kazi ya kuiunga tuliifanya wawili. Kwanza kuyeyusha, polepole, jiko la kuni chini ya injini na maturubai pande zote, kwa sababu chuma cha kusubu ukikiharakisha kinapasuka kwingine. Tukatoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea, tukauchimba kwa tupa. Kisha tukaipasha moto injini yote mpaka mate yanarukaruka juu yake, nikachomelea kipande cha urefu wa ukucha, Michil akakigongagonga kwa nyundo ndogo kingali chekundu, tukangoja, halafu kipande kingine. Tulipomaliza tuliifunika kwa majivu na ngozi za farasi ipoe siku mbili. Habari yenyewe hatukuigusa. Alikuwa ananipa kifaa kabla sijakiomba, na mimi nilikuwa nangoja anitukane. Hakunitukana.

Ilipowaka nilipitisha kidole juu ya mshono. Mkavu, mkavu, mkavu, halafu mwisho kabisa, kwa nyuma, tone moja. Nililifuta. Nilisimama nusu saa nikilingoja, halikurudi. Sikumwambia mtu, kwani meneja alikuwa mlangoni na unga ulikuwa umeshapakiwa. Sasa kila nikifumba macho naliona tone lile huko njiani, ambako kutoka kibanda cha madereva hadi kingine ni kilomita mia bila moshi wa mtu, na lori likizimika mtu hana saa nyingi.

Siku alipoondoka niliulisha moto wa jiko letu chapati na siagi kama alivyokuwa akifanya baba, nikamwomba mwenye moto amrudishe. Nilijua ninaomba nikiwa na uongo mdomoni. Tangu hapo sijalala sawasawa, na Matryona amehamia kitanda cha jikoni kwa ndama, anasema ndama hageukigeuki.

Leo kabla ya chakula cha mchana ameingia Stepan, dereva wa gari jepesi la posta, nyusi zote nyeupe. Hata hajavua glovu akasema, "Mzee Gavril, acha kukikwangua kioo hicho, utakitoboa. Kijana wako mzima."

Nikakiweka kijiko chini. Stepan amemkuta kwenye kibanda kilicho kilomita mia mbili kutoka hapa. Maji ya mto yamepanda juu ya barafu, gari jepesi limepita pembeni, lakini lori zito lazima lingoje maji hayo yagande. Siku tatu Michil hajaizima injini. Analala ndani ya lori, na kila saa anashuka kuupapasa ubavu ule kwa mkono. Stepan amemwachia pipa la dizeli.

"Na mshono?" nikauliza.

"Unatoa jasho kidogo. Anasema ni kawaida."

Si kawaida, mdogo wangu. Mimi niliyeuchomelea najua si kawaida.

Stepan akaendelea, mdomo umejaa samaki. "Ila wa kibandani wamemtania mpaka wamechoka. Huyo mtoto hajitetei! Amesema mwenyewe mbele ya watu kumi: 'Mjomba aliniuliza mara tatu kama nimechokoa kwa waya, nikamdanganya kuwa ndiyo.' Amekusafisha, Mzee. Jina lako huko liko juu kama mlima."

Matryona aliliweka birika chini akanitazama. Yeye ndiye aliyenimiminia chai ile, anajua niliingia mapema. Kisha akaenda kunitolea buti zangu za safari.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi maradhi yangu nilimbebesha mwanao. Uliponiachia ana miaka kumi na minne nilikuahidi kwamba nitamfanya mwanamume. Amekuwa, na sijui aliyemfundisha ni nani, maana kwangu hakuyaona hayo. Naona aibu mpaka kalamu inateleza.

Stepan anarudi kule saa nane na mapipa mawili, nami nakwenda naye. Nimefunga vyuma vya kuchomelea, majivu gunia moja, na ngozi. Nikiwahi nitaufunga ule mshono palepale kabla lori halijaingia mtoni. Nisipowahi sitaki hata kuandika. Na yale niliyoshindwa kuyasema hapa gerejini, nitayasema pale kibandani mbele ya watu wale kumi.

Msalimie sana mumeo Anatoly, na jirani yenu Zoya anayekuletea ndimu, mwambie Mungu amwongezee mti mwingine. Matryona anakukumbatia, anasema kikohozi kisikuzoee. Moto wa nyumba yako usizimike, na barabara ya mwanao iwe ngumu chini ya magurudumu yake mpaka afike mlangoni kwetu.

Mpelekee telegramu nyingine. Hiyo sitaisoma.

Jambo la mwisho. Najijua mimi mwoga, naweza kufika pale kibandani nikaufunga tena mdomo. Kwa hiyo bahasha hii siifungi. Nampelekea Bi Akulina wa posta ikiwa wazi, na tangu tuzaliwe, Akulina hajawahi kugonga muhuri kwenye barua iliyo wazi bila kuisoma mpaka chini. Gari la Stepan likivuka mto, kijiji kizima kitakuwa kinajua aliyelala bila kumwaga maji, nami sitakuwa na pa kurudi ila kwa Michil.

Kaka yako akupendaye,
Gavril