Nilijifunga Taulo Kama Yesu, Sasa Mguu Wangu Nauficha Kwenye Soksi

Mpendwa mshauri Bi. Sabra, naomba msaada wako, lakini kwanza shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi hujambo mwanangu. Sisi huku Mgeta tunamshukuru Mungu, mume wangu Joseph hajambo, yuko Kisaki kwenye ufuta, atapanda kuja baada ya mavuno, binti yangu Pili hajambo na mtoto wake ameanza kutambaa, mama mkwe hajambo ila macho, mdogo wangu wa Mwembesongo naye hajambo anauza vitumbua vyake, na jirani yetu Mzee Mwinshehe mwenye duka anakusalimia sana, maana ndiye anayenitunzia ukurasa wako wa gazeti kabla hajaufungia chumvi ya wateja. Wote hao wazima. Mgonjwa ni mimi, na hawajui, isipokuwa Pili.

Unisamehe mwandiko, niliishia darasa la nne. Bi. Sabra, wenzangu walinichagua mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya Mtakatifu Marta, ile ya kusali nyumba kwa nyumba, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Aliyenitangulia ni Yeremia, na yeye akifika alikuwa anatafutiwa kiti chenye mto, maji ya kunawa anafuatwa nayo alipo, paja la kuku ni lake, na asipoliona paja basi hata sala inakuwa fupi. Mimi sikupenda. Nikaitwa semina parokiani, mwalimu akatuambia kiongozi wa Kikristo amtazame Yesu, alivyoinuka mezani akajifunga taulo akawaosha wanafunzi wake miguu, na mimi maneno yale yaliniingia mpaka nikatokwa machozi, nikasema na mimi nitajifunga taulo, na kweli nikalifunga, la kijani, juu ya kitenge.

Basi ikawa zamu ikiwa kwa nani mimi ndiye nafika kwanza, nafagia, nabeba mabenchi, nateremka mtoni kwa ndoo, nakata kuni, na mjane mmoja hapa anayeumwa kiuno namchotea maji na kumpikia uji kabla sijawasha moto kwangu. Mwanzoni wenzangu walikuwa wanainuka kunisaidia, mimi nikawaambia kaeni, kaeni jamani, mtumishi ni mimi. Wakakaa. Sasa hawainuki tena, Bi. Sabra, nikichelewa nasikia wanaulizana mbona maji hayajafika, kama vile maji yana miguu. Na Yeremia ndio kapata pa kuchekea, ananiambia mbele ya watu, "Mama Pili, wewe ndiye Marta wetu, sisi wengine tuache tukae miguuni pa Bwana," na watu wanacheka, na mimi nacheka nao, huku mgongo unawaka moto.

Masika yalipoanza nikiwa natoka mtoni na ndoo kichwani niliteleza kwenye yale matuta, kisiki cha mti kikanichoma juu ya kisigino. Nikaosha na chumvi, nikafunga kitambaa, nikavaa soksi na raba, nikaendelea, maana kesho yake tulikuwa na msiba. Kidonda hakijapona. Alhamisi Kuu ikafika, na padre akaita wenyeviti wa jumuiya tukae mbele atuoshe miguu kama wale mitume, na mimi nikaenda nikakaa, nikafungua kamba ya raba, nikamwona padre anakuja na beseni na taulo jeupe, nikakumbuka harufu ya kidonda. Nikasimama nikatoka kwa mlango wa pembeni. Nje nikamsikia Yeremia, "Anahudumia watu, yeye kuguswa hataki, ameshakuwa askofu!" Tangu siku hiyo nasemwa kwamba nina kiburi.

Pili aliingia akanikuta nabadilisha kitambaa, akaziba pua akalia, akasema, "Mama, huu mguu unaoza, na wewe unawaza mabenchi ya watu?" Nikamwambia nyamaza, bibi yako asisikie. Siwezi kusimama muda mrefu sasa, nikifika kilimani nakaa chini kama mzee. Nimechoka, Bi. Sabra, nimechoka hata kusali. Nataka kukiacha kiti, lakini nikikiacha atarudi Yeremia na mto wake, na mimi nitamwambia nini Mungu aliyenionyesha taulo? Na nikiwaonyesha mguu si watasema kazi ya Bwana imenishinda? Jumapili zamu ya sala iko kwangu, watakuja wote, sijui niwafiche tena au niseme. Naomba unijibu upesi sana.

Ni mimi mama yako, au mwanangu,
Mama Pili, Mgeta

JIBU

Mama Pili, marahaba, maana mimi ndiye niliyekuzidi, kwa hiyo nina ruhusa ya kukugombeza.

Namba uliyoiandika nyuma ya bahasha nimeipiga asubuhi na jioni, haipatikani. Basi nakujibu hapa, na naanza na mguu kwa sababu wewe umeuweka mwisho. Kidonda kinachonuka hakiwekewi chumvi wala hakifichwi kwenye soksi. Leo hii, si baada ya Jumapili, panda chochote kinachoteremka na mboga kwenda mjini, ufike hospitali. Mdogo wako wa Mwembesongo akupokee na akulaze kwake. Umesikia? Mguu ukikatwa, hilo taulo utalifunga kiunoni uende nalo wapi?

Sasa hayo ya kiti. Mimi ni Mwislamu, Injili sikulelewa nayo, kwa hiyo barua yako niliipeleka kwa jirani yangu hapa Mazimbu, katekista mstaafu, nikamwomba anisomee habari ya taulo mpaka mwisho. Mpaka mwisho, Mama Pili! Wewe uliondoka semina na nusu. Yesu alipomaliza kuwaosha alivaa vazi lake, akakaa mezani, akawaambia na wao wakafanyiane hivyo hivyo. Hakuwaambia, "Kaeni, kaeni jamani." Wewe uliwanyang'anya wenzako kazi wakiwa tayari wameinuka, na leo unashangaa wamekaa. Yeremia aliwafundisha kumtumikia yeye, na wewe ukawafundisha kutumikiwa. Mto au taulo, vilevile hawakujifunza kuhudumiana.

Nikamuuliza jirani, hivi huyo Yesu hakuomba msaada hata siku moja? Akacheka. Akanisomea alivyochoka safarini, akakaa kisimani, akamwomba mwanamke mgeni maji ya kunywa. Alichoka, akakaa, akaomba. Na katika wale aliowaosha yuko mmoja aliyesema, "Mimi hutaniosha miguu kamwe," naye alikaripiwa. Huyo ndiye wewe, uliyetokea mlango wa pembeni.

Nakuonea huruma, mwenzangu, najua ulikusudia mema, na anayekuita mwenye kiburi hajawahi kuteremka mtoni na ndoo yako. Lakini kiti usikiache ukiwa umechoka hivi. Jumapili sala ifanyike kwako hata kama umelala hospitali, Pili awafungulie mlango awaambie ukweli kuhusu mguu, bila kupunguza. Mabenchi wayatafute. Maji wayachote. Uji wa yule mjane, Pili amtaje Yeremia kwa jina, mbele ya watu, kwamba wiki hii ni zamu yake, na taulo la kijani ampe yeye. Akilikataa, jumuiya nzima itakuwa imeona, na hutahitaji kumsema. Ukipona ukarudi, wakute wamesimama, na wakitaka kukuletea maji, unyamaze, unywe.

Mzee Mwinshehe, shikamoo. Najua ukurasa huu unausoma wewe kwanza. Chumvi ifungie gazeti la jana. Funga duka, mpelekee jirani yako karatasi hii, na usiondoke mlangoni kwake mpaka umemwona amepanda gari. Atakwambia hajambo. Usimsikilize, mwambie avue soksi. Kisha nipigie, tafadhali, leo leo.