Aliyeitwa Kijitoni

Mjukuu wangu Deo,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku mlimani juu ya Bigwa tu wazima, na mama yako mdogo ameanza kuvuna karoti.

Unauliza kwa nini wenzako mnaoandika nao ile ensaiklopidia ya mtandaoni wameifuta makala yako ya kijito chetu, kwamba umenakili kitabu cha mtu, tena umeandika kwamba mzimu wa hapo kijitoni upo kweli. Wana haki.

Nikiwa msichana, mwalimu alitutuma tuandike habari za kijito hichohicho. Nilinakili daftari la marehemu katekista Petro, neno kwa neno: "Mimi niliusikia mzimu ukiniita." Nikayasoma darasani kama maneno yangu, nikasifiwa.

Mchana ule nilikwenda kuchota maji, ukungu umetanda. Sauti ikaita nyuma yangu, "Petro." Unajua kwetu mtu akiitwa kijitoni haitiki, nami sikuitika. Ilinifuata hadi mlangoni.

Andika upya kwa maneno yako. Usiseme mzimu upo wala haupo. Sema wazee husimulia, na umtaje aliyesimulia.

Mimi nimezeeka, Deo, na kila nikienda kuchota maji bado naitwa Petro.

Bibi yako,
Kristina